Fundo la Ishirini

Kikao kilikuwa cha kuchagua wanawake wa kuchorwa ukutani. Ukuta wa shule yetu hapa Vingunguti ulikuwa umepigwa chokaa upya, na mwalimu mkuu, ambaye bado ni mgeni kwetu, alitaka wanawake sita wachorwe kabla ya Siku ya Wanawake, ili wasichana wakipita wawaone na kutiwa moyo. Tulikaa ofisini walimu tisa, chai ya rangi na maandazi mezani, majina yakaanza kumiminika. Rubani. Jaji. Profesa. Mbunge fulani. Mama mmoja mwenye kiwanda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwapa mkono watu hao, lakini tuliwataja utadhani ni mashangazi zetu. Yalipofika majina matano tukakwama.

"Na Bibi Kamba je?" akasema Mwalimu Rehema.

Rehema ndiye mdogo kuliko sote pale ofisini. Alisoma shule hii hii, akaenda chuo, akarudi kufundisha. Wenzake wakacheka wakidhani analeta utani.

"Bibi Kamba ndo nani tena?" akauliza mwalimu mkuu.

"Alikuwa anatuvushaga barabara. Mie nilikuwa nashika fundo la tatu."

Mwalimu mkuu akatutazama mmoja mmoja. "Nani anamfahamu huyo mama?"

Nikarudisha andazi kwenye sahani. Katika walimu wa miaka ile nimebaki peke yangu. Wengine wamestaafu, wengine wamehamishwa, wengine tumewazika. Nikasema namfahamu. Basi kazi nikapewa mie: nimtafute, nimwombe ruhusa, nimpige picha moja nzuri ya uso, niilete Ijumaa mchoraji aanze. Wakagonga meza kwa furaha, eti wamepata mtu wa mtaani, mtu wa kawaida. Mie nikaenda chooni nikajifungia huko mpaka kikao kikaisha.

Jina lake nalijua, ila silitaji humu, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini. Watoto walimwita Bibi Kamba kwa sababu ya kamba yake, na hata wazazi wengi hawakumjua kwa jina lingine. Ilikuwa kamba ya katani, nene kama kidole gumba, ya kuongozea ng'ombe. Alipewa na vijana wa machinjioni waliokuwa wakipita na mifugo asubuhi. Akaifua kwa sabuni ya mche, akaianika kwenye ua wa shule siku tatu, akaipiga mafundo ishirini, kila baada ya hatua moja fundo. Pamoja na kufuliwa kote huko iliendelea kunuka ng'ombe.

Hakuajiriwa na mtu. Alikuwa anauza vitumbua kando ya barabara, ng'ambo ya geti letu, na ile barabara ni ya malori: mchanga, kokoto, mifugo, yote yanapita pale. Kila akiona mtoto anasitasita ukingoni anaacha kikaango, anamkimbilia, anamvusha, anarudi anakuta vitumbua vimeungua. Siku moja nilimuuliza ilikuwaje akaacha biashara. Akanijibu, "Nilichoka kuinuka na kukaa, inuka kaa, inuka kaa, kama nasali. Nikaona bora niinuke moja kwa moja." Basi akainuka, na kwa miaka yote niliyomjua pale getini sikumwona amekaa, isipokuwa siku moja.

Kila mtoto alikuwa na fundo lake. Hili watu wengi hawakulielewa, walidhani watoto wanashika popote. Thubutu! Fundo la kwanza, lililo karibu na mkono wake, alipewa mtoto mtukutu kuliko wote, yule wa kukimbia ovyo. La pili na la tatu, wale waoga. Katikati wanaopenda kupiga soga. La ishirini, la mwisho kabisa, alikuwa hampi mtu hivi hivi. "Wa mwisho ndiye anayefunga," alikuwa akisema. "Huyo simuoni, kwa hiyo lazima awe ananiona yeye." Wakishavuka ishirini anarudi kuchukua ishirini wengine, na hao nao kila mmoja na fundo lake. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini rejista yangu ilikuwa inakosea na mafundo yake hayakosei.

Asubuhi moja alinijia darasani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akasimama mlangoni akiwa amejifunga kanga kiunoni juu ya koti la mvua la kiume. "Mwalimu, fundo la saba siku ya pili leo halina mtu."

Nikamwambia labda mtoto amesafiri.

"Kasafiri na nani? Mama yake kaniamkia leo hapo barabarani, anawahi sokoni. Twende."

Nikaacha darasa, tukaenda. Tukamkuta mtoto kitandani peke yake, mwili moto, midomo imekauka, hata sauti ya kulia hana. Bibi Kamba akambeba mgongoni mpaka zahanati, mie nafuata nyuma na begi langu la madaftari. Nilipomsifu njiani akanikatiza: "Mie sijafanya kitu. Fundo lilikuwa jepesi."

Na mdomo! Jamani, yule bibi alikuwa na mdomo. Shule ilimpa filimbi, akairudisha siku hiyo hiyo, akasema hiyo ni ya refa. Yeye alikuwa anaingia barabarani taratibu, mkono mmoja juu, anamkodolea macho dereva mpaka dereva naye amtazame. "Gari halina macho," aliwafundisha watoto. "Msiangalie gari. Mwangalieni dereva. Akikuangalia ndo unavuka." Dereva akijifanya hamuoni ataitwa kwa sauti ya kusikika hadi machinjioni: "We baba! Kama mkeo kakununia asubuhi, watoto wangu wamekukosea nini?" Madereva walikuwa wanacheka, wanafunga breki. Wengine walimpigia honi ya salamu, na wimbo wa singeli ukiwa unalia ndani ya lori, bibi anakata kiuno mara mbili, pale pale katikati ya lami, watoto ishirini wakiwa wamesimama nyuma yake. Mwalimu mkuu wa wakati huo alisema hiyo si heshima. Bibi akamjibu heshima iko ng'ambo, tuvuke kwanza.

Lakini peke yake alikuwa mwoga wa barabara, mkiambiwa hamtaamini. Jumamosi moja natoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya nikamkuta kasimama ukingoni na kikapu, anaangalia kushoto, kulia, kushoto. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akanishika mkono. "Nivushe, mwanangu." Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Nilicheka, nikamuuliza bibi, wewe?

"Nikiwa na watoto nafasi ya kuogopa sina," akasema. "Leo ninayo."

Tulipofika ng'ambo hakusema asante. Alisema neno alilokuwa anawaambia watoto kila siku: "Umevuka? Usigeuke." Maana watoto mnawajua. Kitu kikidondoka katikati, ndala, penseli, karanga, mtoto anarudi kukiokota bila kufikiri. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa hiyo moja, na aliirudia mpaka ikawa kama wimbo. Kilichodondoka atakiokota yeye. Alikuwa na mfuko wa ndala za upande mmoja, rula na vifutio, na asubuhi anagawa kila kitu kwa mwenyewe, bila kukosea.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona na sikulitilia maanani, na laiti ningelitilia. Alipenda kutajwa. Alijifanya hapendi. Siku za kufunga shule alikuwa anavaa kanga yake mpya, anasimama mbali pale getini, kichwa amekiinamisha kama anaangalia miguu yake, kumbe sikio lote liko kwenye spika. Mwalimu mkuu atashukuru kamati, wazazi, viongozi wa mtaa, na mwisho atasema "na wadau wote". Mwaka mmoja alinisogelea akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mdau ni nani? Mie ni mdau?" Nikamwambia ndiyo. Akatabasamu njia nzima. Nilimhurumia, na nikajiapiza kwamba siku moja nitahakikisha anatajwa kwa jina lake.

Nilikuwa kijana wakati huo, mwalimu wa mwaka wa tatu kazini, nimetoka kwetu bara na moto mwingi kichwani. Siku ya Wanawake ilipokaribia nikapewa kuratibu sherehe. Tungewapa tuzo wanawake watano wa mfano mbele ya mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja mwanamama. Wanne walipatikana upesi: nesi, meneja wa benki, askari na mfanyabiashara. Wa tano nikamtaja Bibi Kamba. Kikao kikanipinga. Wakasema hana elimu, anatukana madereva, atatuaibisha. Nilipigana. Nilisema mpaka nikalia. Nikashinda, na nikatoka kwenye kile kikao nikijiona mwanamapinduzi.

Nikamshonea sare ya kitenge kama wale wanne. Kamba yake nikaiomba, nikaitandaza kwenye meza ya maonyesho juu ya kitambaa cheupe, na kikaratasi kando yake: Kifaa cha kazi cha mwanamke wa mfano. Aliponikabidhi aliniuliza mara mbili nani atavusha.

"Bibi, leo hakuna kutoka saa sita," nikamwambia. "Watoto wote watakaa mpaka sherehe iishe. Leo ni siku yako. Wewe kaa tu."

Nikamkalisha chini ya turubai, mstari wa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe na utepe wa zambarau. Mie nikashika maiki.

Mgeni rasmi alitakiwa kufika saa nne. Saa tano hayupo. Saa tano na nusu tukaambiwa yuko njiani, na nyie mnajua maana ya yuko njiani. Ngoma imepigwa imerudiwa, ngonjera zimesomwa kwa mazoezi mara tatu, jua linachoma. Darasa la kwanza na la pili wakaanza kulia njaa, wengine wamejikojolea. Saa sita ilipogonga Bibi Kamba akainuka.

"Mwalimu, saa sita. Hawa wadogo ni saa yao."

Nikamwekea mkono begani nikamkalisha. "Tulia bibi, hawatoki."

Baada ya muda akainuka tena. Nikambonyeza tena. Lilikuwa bega dogo, jembamba, mfupa mtupu. Wageni wengine wakacheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mama yake mshamba.

Halafu mwalimu wa darasa la pili akanijia nyuma ya spika. "Madam, hawa wa chini wananiharibia mistari. Mgeni akifika atakuta aibu. Niwaachie?"

Macho yangu yalikuwa getini, naangalia msafara. Nikapunga mkono. Nikasema, "Waachie." Neno moja. Sikulifikiria hata kidogo, nilitaka mistari iwe mizuri.

Mkononi nilikuwa na kadi ya kumsifu. Niliandika mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile: Mwanamke huyu hajapoteza hata mtoto mmoja. Sikuwahi kuisoma. Bibi Kamba aliinuka mara ya tatu, na safari hii hakuniangalia. Aliwaona wale wadogo wanatoka getini, akakimbia. Kiatu kimoja kilibaki chini ya kiti. Alikuwa bado hajafika getini tuliposikia breki za lori.

Alikuwa Zuhura, wa darasa la pili. Fundo la ishirini, mtoto aliyetulia kuliko wote. Wenzake walisema alikuwa ameshavuka. Ndala yake ilichomoka katikati ya lami, na alipofika ng'ambo akageuka. Miaka yote hii nimejaribu kuifikiria siku ile bila hilo neno na nimeshindwa. Aligeuka, kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu wa kumwambia asigeuke.

Bibi Kamba ndiye aliyembeba. Damu ilienea kwenye kile kitenge nilichomshonea. Hakulia wala hakupiga kelele, alikaa chini kwenye vumbi la ukingoni na mtoto mapajani, akawa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, kisha anaanza upya.

Mgeni rasmi aliambiwa njiani, akageuza gari.

Wiki iliyofuata wazazi walijaa uwanjani. Walitaka kujua jambo moja tu: mvushaji alikuwa wapi? Mwalimu mkuu akasema, na kwenye taarifa pia akaandika, kwamba mvushaji hakuwepo mahali pake pa kazi. Alikuwa amekaa kwenye sherehe. Kila neno lilikuwa kweli. Wazazi wakamgeukia. Mama mmoja akamwambia mbele ya watu, "Ulikuwa unangoja zawadi, mtoto wa mwenzio anakufa." Bibi Kamba hakujitetea. Alinyanyua uso, akanitazama mie.

Mie nikatazama chini. Mwalimu wa darasa la pili akatazama chini. Ajira yangu ilikuwa bado changa, mama yangu kijijini ananitegemea, nikaogopa. Nilijiambia nitasema kesho. Bibi Kamba akaambiwa apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa, na hakuna aliyemwita. Baada ya muda nikasikia binti yake amemchukua, wanaishi Madale.

Kamba niliikuta bado iko juu ya meza ya maonyesho, chini ya kile kikaratasi. Nikaichukua nikaificha kabatini kwangu, na kila nilipohama nyumba nilihama nayo. Mtaa wakatuwekea tuta barabarani. Malori yamelisaga likaisha. Watoto siku hizi wanavuka wenyewe, kila mtu na Mungu wake. Mie nikapandishwa, leo ni mwalimu wa taaluma. Ikigonga saa sita, popote nilipo, kiganja changu cha kulia kinakumbuka lile bega. Nimewahi kuacha chaki ikadondoka ubaoni kwa ajili hiyo, watoto wakadhani naumwa.

Sina ugomvi na rubani. Wala jaji. Wachorwe, wasichana wetu wawaone, ni haki yao. Ila sasa nikisikia shule inatafuta mwanamke wa kumsifu, swali langu ni moja, na najua linaudhi: wakati mnampigia makofi, kazi yake nani kaishika? Maana wako wanawake wa kuwasifu jukwaani, na wako ambao ukiwatoa mahali pao hata kwa nusu saa, mtu anakufa. Mie nilikuwa na mmoja wa hao, nikamvalisha sare.

Jumatano nikaomba ruhusa, nikaenda Madale. Nyumba ya binti yake iko juu mlimani, ya matofali ambayo bado hayajapigwa plasta. Nilimkuta barazani, kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Amekuwa mdogo, kama aliyefuliwa mara nyingi. Binti yake alinikaribisha, akaingia ndani kutafuta kikombe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakunyanyua uso. "Karibu, mwalimu wa maiki."

Nilikaa chini mwenyewe kwenye mkeka. Nikaeleza nilichotumwa: ukuta, wanawake sita, picha. Nikamwambia Rehema wa fundo la tatu sasa ni mwalimu na yeye ndiye aliyemtaja. Hapo akatabasamu kidogo. Nikaitoa kamba kwenye mfuko nikamwekea mapajani. Akaacha mchele. Akaipeleka puani.

"Bado inanuka ng'ombe," akasema. Kisha akaanza kuipitisha vidoleni, fundo baada ya fundo, midomo ikicheza. Alipofika la mwisho akalishika asiliachie.

Nikasema. Sijui nilianzia wapi, lakini nilisema yote: kwamba mie ndiye niliyemkalisha, mie niliyembonyeza bega, mie niliyesema waachie, na mbele ya wazazi nikanyamaza. Nilikuwa nalia mpaka kamasi, mtu mzima na miwani yangu. Nikamwambia nitasema mbele ya shule nzima, nitaandika popote wanapotaka.

"Najua," akasema. "Ulinibonyeza mara mbili. Nilikuwa nahesabu."

"Nisamehe, bibi."

Kuku walipita barazani, hakuwafukuza.

"Wewe unalia na la kwako," akasema mwishowe. "La kwangu hujaliuliza. Wewe una nguvu gani za kunikalisha mie? Mie nilisimamisha malori. Ningetaka kuinuka mara ya kwanza ningeinuka, na wewe na maiki yako mngeanguka huko. Nilikaa kwa sababu nilikipenda kile kiti, mwalimu. Kilikuwa na kitambaa. Watu walikuwa wananiangalia. Nikasema moyoni, ngoja kidogo, labda watanitaja, kisha nitakwenda." Akalibonyeza lile fundo. "Hilo sijamwambia mtu. Hata binti yangu."

Nilitaka kumwambia hakukosa, kila mtu anapenda kutajwa, lakini nilihisi nikifungua mdomo nitakuwa namkalisha tena.

"Msinichore," akasema. "Mnasema ukutani, ndani ya uwanja. Nitakuwa nimewatazama nyie, barabara iko mgongoni kwangu. Na mkinichora nimekaa... Usinikalishe tena, mwanangu. Nimekuomba."

"Sikukalishi, bibi."

Akatazama jua lilipofika kwenye ngazi ya baraza. "Saa ngapi sasa?"

Nikaangalia simu. "Saa sita kasoro robo."

"Siku ya shule leo?"

"Ndiyo, bibi."

"Nani yuko barabarani?"

Nikairudisha simu mfukoni. Sasa ndipo aliponitazama usoni, kwa yale macho aliyokuwa akiwakodolea madereva.

"Sasa wewe huku umekuja kufanya nini?"

Nikainuka. Akaikusanya kamba, akaniwekea mikononi, akavifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Chai sikunywa. Nilishuka ule mlima nikiwa nampigia simu Rehema, nampigia na kukosa, nampigia tena, mpaka akapokea. Nikamwambia funga geti. Wadogo wasitoke. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia nakuja, funga geti, nakuomba, simama getini wewe mwenyewe mpaka nifike.

Ijumaa nilisema kikaoni. Nilisema mbele ya wote, na mwalimu mkuu akaniambia niandike, nikaandika. Yatakayonipata yanipate. Nafasi ya sita ukutani imebaki nyeupe, na jina lake, kama nilivyowaambia, silitaji popote tena. Lakini hayo ni ya Ijumaa.

Jumatano ile nilifika saa nane kasoro. Walikuwa wamekaa chini ndani ya geti, wana njaa, wamenuna, na safari hii hakuna aliyesema waachiwe. Rehema alipoiona kamba akashika mdomo. Akaanza kuwapanga bila kuambiwa, watukutu mbele, waoga nyuma yao. Fundo la ishirini lilibaki. Msichana mmoja mwembamba alikuwa amesimama pembeni, kimya, ananiangalia. Mkono wangu ulikataa mara ya kwanza. Kisha nikampa.

Nikaingia barabarani mkono juu. Lori la mchanga lilikuwa linakuja, nikamtazama dereva mpaka akanitazama. Akafunga breki. Tukavuka. Ng'ambo nikawahesabu kwa sauti, moja mpaka ishirini, wote wapo. Nikawaambia, "Mmevuka? Msigeuke."

Hakuna aliyegeuka. Mie niligeuka, nikarudi kuchukua ishirini wengine.